"Bado amesimama" kwa Kichina: 着 na 下去

Vitabu vingi vya kuanzia Kichina humpa mwanafunzi ulinganifu rahisi: -na- ni 在 (zài), -me- ni 了 (le). Nusu ya kwanza inakwenda vizuri. 他在穿大衣 (tā zài chuān dàyī), anavaa koti, mkono mmoja bado haujaingia. Nusu ya pili ndiyo inayoharibu kazi, kwa kuwa -me- yetu hubeba mambo mawili: tendo lililokwisha, na hali iliyobaki baada ya tendo. "Amesimama" si habari ya kuinuka. Ni kwamba yuko wima hadi sasa. Kichina hapo kinataka 着 (zhe): 他站着. Ukiandika 他站了, msomaji anangoja umalizie, alisimama kwa muda gani? 他站了一个小时, alisimama saa nzima. Vivyo hivyo 门开了 ni mlango umefunguka, na 门开着 ni mlango uko wazi.

Kipimo kizuri tunacho katika Kiswahili chenyewe: weka "bado" mbele ya -me-. "Bado amesimama", "bado amevaa koti", "bado ameshika mwavuli" zinasemeka, basi tumia 着. "Bado amefika" haisemeki, basi ni 了: 他到了. Kipimo hiki hukwama kwenye "amechoka" na wenzake, maana Kichina huvihesabu kuwa vivumishi: 他还很累. Na angalia 睡着: ukimaanisha usingizi umemchukua, herufi hiyohiyo husomwa zháo, 睡着了.

Kuendelea mbele ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo 下去 (xiàqu) inapong'ara. Hukaa nyuma ya kitenzi: 说下去, endelea kusema, 活下去, endelea kuishi. Kosa kubwa ni yambwa, yaani kinachotendwa. 学中文下去 ni sentensi iliyovunjika, kwa sababu 下去 lazima igusane na kitenzi. Ama yambwa itangulie kwa 把 (bǎ), neno linaloileta mbele ya kitenzi, 把中文学下去, ama uache 下去 na utumie 继续 (jìxù), ambayo huja kabla ya kitenzi na haisumbuliwi na yambwa: 继续学中文. Mazungumzo yakikatizwa kisha yakaunganishwa, 接着说 (jiēzhe shuō) ndiyo inayosikika ya kawaida zaidi.

Ukanushaji una tofauti inayostahili kukaririwa. 他没说下去: hakuendelea kusema, basi. 他说不下去: hawezi kuendelea, pengine kilio kimemkaba. Katika umbo hili la pili 去, ambayo hapo juu ilisomwa qu bila toni, hurudisha toni yake ya nne, qù. Kwa mfano huohuo, 看不下去 ni kushindwa kuendelea kutazama, hata kwa uchungu wa kinachotazamwa.

Usiichanganye na 下来 (xiàlai). 坚持下去 inatazama mbele, vumilia kuanzia sasa. 坚持下来了 inatoka zamani hadi leo, alivumilia na akafika.

Pamoja na vivumishi, 下去 hupenda upande wa kushuka: 再这样瘦下去, akizidi kukonda hivi. Mambo yakianza kuwa mazuri, sema 好起来.

Lipo pia 走下去, lenye maana mbili: kuteremka kwa miguu, au kuendelea kutembea. Ngazi au mlima ukitajwa karibu, huenda ni kuteremka. Likitajwa 一直 (yìzhí), yaani bila kuacha, mara nyingi ni kuendelea.