Mipira ya Utomvu, Underhill

Kazi ile niliipata kwa Papa. Alikuwa akikaa ghorofa ya chini katika jengo letu pale Winooski, mji mdogo wa jimbo la Vermont ambako mwaka 2015 Kiswahili kilikutosha kukopa sukari na kusuluhisha ugomvi wa maegesho. Wenye Kiswahili hicho walikuwa hasa Wakongo na Warundi. Papa alikuwa mtu wa Uvira, mashariki mwa Kongo, amevuka miaka sitini, na jina lake halisi hakuna aliyelitumia. Mimi ni wa Pangani. Nilikuwa mwanafunzi, ila muhula ule nilisimamisha masomo kwa kukosa ada.

"Mwanangu," aliniambia kwenye ngazi, "kuna mzee mmoja kule mlimani anatafuta watu wawili wamsaidie kutandika mipira msituni. Baridi utaiweza?"

"Nitaiweza, Papa."

Februari ile ilikuwa miongoni mwa Februari za baridi kali kabisa kupata kurekodiwa Vermont. Tulikuwa tukitoka alfajiri kwa gari la Papa, vioo vimeganda hadi ndani, kuelekea Underhill, chini ya mlima Mansfield wenye mita 1,339. Hakuna mlima mrefu kuliko huo katika jimbo zima. Upande huohuo Chuo Kikuu cha Vermont kina kituo cha utafiti cha Proctor, ambako tangu miaka ya 1940 wataalamu wanashughulika na mepo tu, ule mti ambao utomvu wake mtamu hupikwa kuwa shira. Mwenye msitu alikuwa akiwasikiliza wataalamu hao kwa sikio moja. Sikio la pili alilibakiza kwa marehemu baba yake, aliyemfundisha kukinga utomvu kwa ndoo za bati.

Nimezaliwa kwenye ukoo wa wagema. Babu mzaa mama alipanda minazi asubuhi na jioni, akachonga karara na kushusha kibuyu cha tembo, na Ijumaa alisimama safu ya mwisho msikitini, karibu na mlango, ili maneno ya khatibu yasimpate sawasawa. Kwa hiyo mti kutoa maji matamu halikuwa jambo geni kwangu. Jambo geni lilikuwa kwamba mepo haichongwi kila siku. Baridi ndiyo inayogema. Usiku ukiganda, gesi iliyomo ndani ya mbao hunywea na mti ukavuta maji kutoka mizizini. Mchana jua likipandisha joto juu ya sifuri, msukumo hugeuka, na utomvu hutoka kwenye tundu lolote utakaloutobolea. Usiku ukiacha kuganda, basi, msimu umekwisha. Unapata wiki chache tu, aghalabu kati ya Machi na Aprili, na unachokinga kinafanana na maji ya bomba: sukari yake ni kama asilimia 2. Ndiyo maana lita 40 za utomvu zinachemshwa hadi zibaki kama lita moja ya shira.

Sasa piga hesabu ya ndoo. Msitu wa mzee ulikuwa na miti ya kutosha matundu kama 600, na kila ndoo ilitaka mtu aifuate kwenye theluji ya mapajani na kuimimina. Wanawe walikuwa wamehamia mijini. Mipira ya plastiki wenzake walianza kuitumia miaka ya 1950 na 1960, yeye akaikataa mpaka goti lake likakataa pia. Mipira huachia mteremko kazi ya wabebaji: mti mmoja unamwagia mpira mwembamba, mipira myembamba inamwagia bomba kuu, bomba kuu linamwagia tangi lililo kando ya barabara.

Wale wazee wawili walinifurahisha tangu siku ya kwanza. Nilichukuliwa kwa sababu ya Kiingereza changu, nikidhani nitakuwa mkalimani. Kumbe yule mzungu alikuwa mjukuu wa watu waliotoka Quebec, na Kifaransa alikinyonya kwa bibi yake. Papa naye alikisoma kwa mapadri. Wakaanza kuongea bila mimi, na kila mmoja akanijia pembeni kuninong'oneza kwamba Kifaransa cha mwenzake kimeoza.

Mzee alikuwa ameshafunga utepe mwekundu kwenye miti ambayo bomba kuu lingepitia. Njia yake ilifuata barabara ya zamani ya trekta, imenyooka kutoka juu hadi chini, na kila utepe aliufunga usawa wa kifua. Papa aliipanda njia hiyo polepole na viatu vyake vya theluji, vile vipana vya kukanyagia juujuu, akashuka, akapanda tena. Kisha akasema palepale mbele ya mwenye msitu, kwa Kifaransa, halafu akanigeukia:

"Kati ya ile miti mikubwa miwili, udongo unapanda."

Mzee alicheka. Alikuwa ameipita njia ile tangu mtoto, akiwa juu ya trekta ya babake. Haipandi. Mimi pia, nikiangalia, niliona theluji laini inayoteremka kama shuka iliyotandikwa, na nikaona Papa anatutafutia balaa na mwajiri.

Papa hakubishana. Aliomba mpira mwembamba unaopenya mwanga, mrefu iwezekanavyo, na galoni ya yale maji ya buluu ya kusafishia kioo cha gari, yasiyoganda. Hapo nikaelewa. Fundi yeyote wa kwetu anayejenga nyumba anaijua kazi hiyo: unajaza maji kwenye mpira, huyu anashika ncha moja ukutani na yule ncha nyingine, na maji yakitulia pande zote mbili yako usawa mmoja, hata kama katikati kuna nyumba nzima. Huko kwao Papa alikuwa ametumika miaka mingi kwenye miradi ya maji ya mserereko, akipitisha mabomba kutoka chemchemi za milimani juu ya Ziwa Tanganyika hadi vijijini bila pampu. Kuna watu wamehitimu uhandisi na hawajalaza bomba nusu ya aliyoyalaza yeye. Winooski alikuwa akifagia maghala.

Nilishika ncha ya juu, yeye akashika ya chini, mwenye msitu akasimama katikati na mikono mfukoni. Maji ya buluu yalipanda na kushuka, yakatulia. Utepe wa mti wa chini, uliopaswa kuwa chini ya ule wa juu, ulikuwa umeuzidi kwa shibiri mbili na zaidi. Theluji ilikuwa imejaza bonde dogo lililokuwa mbele ya kile kituta na kukifuta machoni, na trekta haijui kupanda kudogo kama huko.

Niseme kwa nini shibiri mbili ni kesi. Bomba kuu linatakiwa lishuke angalau mita 2 kwa kila mita 100, bila kupanda popote. Likipanda hata mara moja, utomvu unatuama nyuma ya pale lilipopanda. Usiku unaganda kipande hicho, na asubuhi, wakati miti yote imeshaamka, kizibo kile cha barafu ndicho cha mwisho kuyeyuka. Saa bora za siku zinapotea. Kulishusha bomba pale kwenye kituta hakukuwezekana, lingezikwa na theluji. Kulipandisha kote juu zaidi kungetaka ngazi kwa kila mti.

Mzee aliutazama ule mpira kwa muda. Akaenda kwenye mti, akafungua utepe wake mwenyewe, akauweka mfukoni.

"Bon," akasema. "Tupite wapi?"

Wakapitisha bomba kwa upande wa chini, wakizunguka kituta kama wanaokwepa shimo, na waya zaidi ukanunuliwa. Kutoka siku hiyo tepe zote zilifungwa na Papa.

Kazi yenyewe ya kutandika sitaisimulia yote, nyingi yake ni kubeba. Kwanza unavuta waya mgumu wa chuma kutoka mti hadi mti na kuukaza kwa kikazio chenye meno, huku nyuma ya kila mti wa kushikilia umeweka vipande vya mbao ili waya usiikate ganda. Halafu unavuta waya huo pembeni kwa nyaya nyingine, kulia na kushoto, mpaka unyooke na ukiugonga ulie. Bomba jeusi la inchi moja linafungwa chini yake kwa vitanzi vya waya, karibukaribu, hata futi moja moja, maana plastiki uliyoifunga kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri itarefuka siku ya jua na kutumbukia katikati ya vitanzi. Papa hakuwa na huruma juu ya vitanzi. Alipita nyuma yangu akiongeza.

Mipira myembamba, ya buluu, yenye tundu la kama milimita 8, ndiyo iliyonitoa machozi. Inapita ikizungukazunguka mti huu kulia na ule kushoto ili ijikaze yenyewe, na kila mti unapata kiungio chenye umbo la herufi T na mkia wa mpira wa kufikia tundu. Kwenye baridi ile plastiki inakuwa kama mfupa. Unachovya ncha kwenye chupa ya chai yenye maji ya moto, unaibana kwa koleo lenye mikono miwili, unasukuma kiungio ndani, na una sekunde chache tu. Glavu nene hazishiki, glavu nyembamba hazisaidii. Kurundika matundu mengi kwenye mstari mmoja kunamvutia mvivu, lakini Papa na wataalamu wa Proctor, ambao hawakuwahi kuonana, walikubaliana: matundu machache kwa kila mstari, kama matano, yasizidi kumi.

Mwaka huo majira yalichelewa. Tulitoboa Machi, mzee akitufundisha yeye sasa, na hapo hakuna aliyemfikia. Alipapasa kila shina kutafuta makovu ya zamani, akachagua mahali pake, akashika drili, ncha ikielekea juu kidogo tu, ili tundu limwagike nje. Sentimita 4 au 5, si zaidi. Unga wa mbao ukitoka mweupe ni sawa. Ukitoka wa kahawia, umegusa mbao iliyokufa. Mrija unagongwa kwa nyundo ndogo, na sauti ikibadilika ikawa nzito unaacha hapohapo, pigo moja zaidi linapasua mti. Papa alitoboa mmoja, akasikiliza, akagonga mara moja zaidi. Mzee akamnyang'anya nyundo. Kwa Kifaransa, na kwa furaha isiyofichika.

Siku ya kuwasha pampu ya kunyonya hewa mipirani, ili utomvu uvutike zaidi, tulitembea na mistari tukitafuta mianya. Hewa inayoingia inapiga mluzi, na ndani ya mpira viputo vinakimbia badala ya kujikokota. Tulikuta mahali ambapo kindi alishaonja kazi yetu. Geji ilipanda kidogo kidogo kila tulipoziba, mpaka mvuto wa hewa ukakaribia inchi 25 za zebaki, na kwenye tangi utomvu ukaanza kuingia kwa vishindo, hewa na maji, hewa na maji. Papa alikwenda moja kwa moja kwenye ile kona ya kituta. Akaweka sikio kwenye bomba, akarudi bila kusema kitu.

Mke wa mzee alituita nyumbani. Huko shira hupikwa mpaka izidi uzito, ikamwagwa juu ya theluji safi ikawa kama ubani wa kutafuna, nayo huliwa na andazi na, amini usiamini, achari ya tango. Papa alikula andazi na shira. Achari aliipisha kwangu kwa heshima zote.

Ndipo mzee akatoa daftari na kusema kuna kipande kingine cha msitu upande wa juu, angependa tukitandike vuli, kabla ya theluji. Malipo yaleyale.

Papa alifuta vidole. Akamwambia kwamba kibarua amemaliza kazi yake leo, na sasa anaongea na fundi. Walivutana kwa Kifaransa kile kibovu cha pande zote mbili hadi chai ikapoa, na Papa akaondoka na dola nne zaidi kwa saa. Nilipouliza kuhusu mimi, wote wawili walinitazama kana kwamba sasa ndiyo wanagundua nipo mezani.

"Wewe," Papa akasema, "bado ni wa kushika mpira."