Maji Yaliyoteremka

Nyanya alikaa kwenye benchi la kliniki, kanga mabegani, akiwatambua watu kwa sauti maana sura zilikwisha kumpotea. Daktari alinigeukia mimi, akasema kwa Kiingereza: katarakti, macho yote mawili, apasuliwe. Kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Ndani ya matatu ya kurudi Majengo nyanya akaniuliza, "Hilo jina alilotaja ni nini?" Nikamjibu kuwa ni mtoto wa jicho. "Mtoto wa jicho namjua tangu sijaolewa. Nauliza hilo jina lao." Nilikuwa kidato cha tatu na jibu sikuwa nalo. Naye akaapa hatatia dole gumba kwenye fomu yoyote asiyoielewa. Hata leo naona alikuwa na haki.

Jumamosi nikaenda maktaba ya McMillan, pale ubavuni mwa Msikiti wa Jamia. Kamusi ikasema neno ni la Kigiriki, katarraktes: kinachoporomoka kutoka juu, kama mto unapoanguka gengeni. Waingereza hadi leo huyaita maporomoko ya maji kwa jina hilohilo. Lakini maporomoko ndani ya jicho la nyanya yangu? Nilihangaika na rafu mpaka nikapata kitabu cha historia ya tiba. Waganga wa kale waliamini kwamba majimaji hushuka kutoka kichwani na kuganda kwenye mboni. Matabibu walioandika kwa Kiarabu wakauita ugonjwa huo nuzul al-ma. Karne ya 11, mtawa mzaliwa wa Afrika Kaskazini, Constantinus Africanus, alivifasiri vitabu vyao kwa Kilatini huko Monte Cassino, Italia. Hapo ndipo lilipoingia neno cataracta.

"Nuzul?" Nyanya alinikatiza. Alisoma chuoni tangu utotoni. Nuzuli kwake ni kushuka kwa Qur'ani. Akalitamka tena, taratibu. "Yaani maji yameteremka."

Nikamweleza kuwa hakuna maji. Ni lenzi ya jicho yenyewe inayoingia ukungu, na hiyo ndiyo itakayotolewa.

Asubuhi ya upasuaji muuguzi akamuuliza kama anajua anachokwenda kufanyiwa.

"Najua, mwanangu. Wazee walidhani maji yameteremka. Kumbe ni kioo kimeingia ukungu."

Akanyoosha dole gumba, nami nikamsogezea wino.