Dogo wa karakana

Mwaka wa tatu huu nafundisha kuchomelea vyuma hapa Tabora. Wengi huletwa na wazazi baada ya matokeo ya kidato cha nne kuvurugika, wanaingia karakana wamenuna kama wamefungwa jela.

Dogo mmoja ndiyo alizidi. Kipindi cha nadharia analala kabisa. Jumamosi moja geti la jirani yangu, Cheyo, liling'oka bawaba. Nikambeba, nikamwachia mashine, mimi nikakaa kivulini na embe zangu (Tabora hii, utafanyaje). Mshono wa kwanza ulitoka matundu kama chujio. Akausaga kwa grenda, akarudia. Mara tatu, na sijamwambia neno. Mwenye geti akamwita "fundi", akampa elfu tano.

Jumatatu nimemkuta mlangoni kabla yangu. "Shikamoo mwalimu. Cheti cha VETA ngazi ya tatu nakipataje?" (VETA ndiyo mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi hapa kwetu.)

Marahaba! Ya kwanza bado hajamaliza!

Cheti sikidharau, jamani. Kuna mafundi wa mtaani wamezeekea kwenye kazi, leo wanaenda VETA kurasimisha ujuzi wao. Ila huyu hakuamshwa na cheti. Ni lile geti.

Leo kaniomba funguo za karakana. Nimemnyima, elektrodi za kuchomelea zitaisha.