Uso Baadaye: Jumamosi za Kuchora Watu Lubumbashi

Ukitaka kumjua mchoraji aliyejifunzia kwenye picha za simu, usitazame uso aliouchora. Tazama miguu. Uso utakuwa safi, macho yanang'aa, hata kovu la utotoni lipo mahali pake. Chini ya kola ya shati mambo yanaanza kuyumba, na miguu, kama ipo, imefichwa nyuma ya kiti au imezama kwenye majani marefu. Mimi nimeishi na majani hayo muda mrefu. Niko Katuba, hapa Lubumbashi, nafanya kazi zote za mchoraji wa mtaani: mabango ya vinyozi na saluni, kuta za baa, na zaidi ya yote picha za marehemu. Familia inaleta ile picha ndogo ya kwenye kadi ya mpiga kura, nawatolea uso mkubwa wenye rangi, wanalia kidogo, wanalipa nusu, nusu nyingine naisubiri.

Baa nazo bado zinataka Mamba Muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki ambaye wachoraji wa mji huu hawajaacha kumchora tangu enzi za wazee wetu. Nampenda Mamba Muntu kwa sababu ya kivivu kabisa: hana nyonga, hana magoti, hasimami popote.

Kisha mama mmoja mjane akaniambia hataki uso. Alitaka mumewe amesimama, mwili mzima, vile alivyokuwa akisimama mlangoni jioni akirudi kazini. Picha aliyokuwa nayo iliishia mabegani. Nilimwomba anipe muda hadi ukumbusho wa mwaka, akakubali, nami nikaanza kutafuta mahali pa kujifunza kuchora watu wanaopumua.

Kundi nililolipata halina jina. Linakutana Jumamosi mchana kwenye ua wa nyumba moja Kamalondo, na utaratibu wake ni mwepesi: anayefika amefika, asiyefika haulizwi. Mlangoni kuna kopo la maziwa ya unga. Unaweka faranga ulizo nazo, na zote zinakwenda kwa modeli wa siku hiyo, yule anayetulia mbele yetu tumchore. Mwalimu hakuna. Yupo yaya mmoja (ndivyo tunavyomwita hapa mkubwa wetu), fundi cherehani, anayeshika simu na kuhesabu dakika, na hata yeye akimaliza kubonyeza anashika kalamu yake kama wengine. Wanakuja wanafunzi wa sanaa, anakuja mwalimu wa shule ya msingi, anakuja msichana anayesomea uuguzi ambaye ndiye anayejua majina ya mifupa.

Mtindo huu una umri. Paris, mtaa wa Montparnasse, Académie de la Grande Chaumière imekuwa ikifungua mlango namna hiyo tangu mwanzoni mwa karne ya 20: unalipa kiingilio, unakaa, modeli anapanda jukwaani, na hakuna anayekuja nyuma yako kukusahihisha. Hapa kwetu kuchora kwa kutazama kuna ubishi wa zamani, na kwenye kundi unafufuka karibu kila wiki. Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake iliyojulikana kama Hangar. Hakutaka vijana wafundishwe kanuni za Ulaya. Alitaka wachore yaliyomo vichwani mwao. Wakatoka Pilipili Mulongoy na samaki na ndege wake, Mwenze Kibwanga na mistari yake mifupi iliyobanana, Bela aliyepaka rangi kwa vidole. Mwaka 1951 Mbelgiji Laurent Moonens akaanzisha Akademia ya Sanaa, yenye masomo ya kawaida ya shule, na Desfossés alipofariki mwaka 1954 Hangar ikaingizwa humo. Kwa hiyo kila mchoraji wa hapa ana babu wawili: mmoja anasema funga macho uchore, mwingine anasema fungua macho uchore.

Mzee mmoja wetu, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ni mtu wa babu wa kwanza. Anasema Pilipili hakumsimamisha samaki mbele yake ndipo amchore. Kweli. Lakini Pilipili alikuwa mwana wa mvuvi, samaki aliwajua tangu mkononi. Mimi mwili wa mtu nilikuwa naujua kuanzia kidevu kwenda juu.

Kabla sijaendelea, nijibu swali ambalo kila mtu wa Katuba ameniuliza: modeli anavua nguo? Katika shule za Ulaya, ndiyo, ndivyo inavyofanyika. Kwetu anavaa kaputula na singleti. Ua una majirani, majirani wana makanisa yao, na modeli wenyewe wana mama zao. Nilidhani tutapoteza mengi. Tulichopoteza hasa ni nyonga, na hilo si dogo, maana nyonga ndiyo inayoamua mengine yote. Yaya akatafuta dawa: modeli anafunga mshipi mwembamba kiunoni juu ya kaputula. Mshipi ukilala upande, unaona mara moja nyonga ipi imepanda. Nauona ujanja huo ni bora kuliko nusu ya mafundisho niliyokuwa nikiyatazama kwenye simu.

Tunaanza na kroki, yaani michoro ya harakaharaka, za nusu dakika. Kisha dakika moja, mbili, tano. Tunapumzika, tunakunywa chai, halafu pozi moja ya dakika ishirini. Kwa mtu wa nyuso kama mimi, nusu dakika ni mateso. Nikianza na kichwa, kengele ya simu inalia nina kichwa tu. Mzee wa Gécamines akachungulia karatasi yangu akasema, "Weye unaona paka uso. Mutu haikale paka uso." Yaani, wewe unaona uso tu, na mtu si uso tu. Nikaanza kuacha kichwa hadi mwisho: mstari mmoja mrefu kutoka shingoni hadi kwenye kisigino kinachobeba mwili, mstari wa mabega, mstari wa mshipi, basi. Kichwa nikakitia kama yai dogo. Na mkono wenyewe ilibidi uhame. Kazi ya nyuso hufanywa na vidole na kifundo. Kroki hutaka bega zima, umesimama, karatasi imebandikwa kwenye ubao mbele yako.

Kwenye dakika tano ndipo hesabu inapoingia. Mtu mzima ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi, na nusu ya urefu wake iko pale miguu inapoachana na kiwiliwili, chini zaidi ya vile unavyodhani. Mchoraji wa marehemu amezoea kukuza kichwa kwa sababu ndicho anacholipwa, kwa hiyo watu wangu wote walikuwa na vichwa vitano, kama watoto waliovaa suti. Dawa ni ile ya kunyoosha mkono, kufumba jicho moja na kupima kichwa kwa kalamu, ukihesabu kushuka. Mkono usikunje kiwiko, ukikunja vipimo vinaharibika.

Kifaa kingine ni uzi wenye nati ya baiskeli mwishoni. Mtu akisimama kwa mguu mmoja, ule mwingine umepumzika, ning'iniza uzi wako mbele ya jicho, uupitishe kwenye kile kishimo cha chini ya koo. Utaangukia karibu na kifundo cha mguu unaobeba. Usipoangukia hapo kwenye mchoro wako, mtu wako anaanguka, hata umpake misuli ya aina gani. Na nyonga ya upande unaobeba inapanda, bega la upande huohuo linashuka. Haya niliyasikia mapema kabisa, nikayaandika, nikayarudia kwa mdomo. Mkono haukuyaamini hadi Jumamosi ambayo modeli hakutokea.

Siku hiyo tulibadilishana, kila mtu apande kwenye kreti asimame. Zamu yangu ikawa dakika kumi. Nikachagua pozi ya kijana wa kona ya barabara: uzito wote mguu wa kulia, mkono kiunoni, mguu wa kushoto umelegea mbele. Dakika ya kwanza unajiona bwana. Ya tatu, ubavu wa nyonga ya kulia unaanza kuwaka, ndani, kwenye mfupa. Ya sita, vidole vya mguu wa kulia vinaishika kreti kama vya ndege, goti limefungwa, na lile bega ulilodhani umelegeza linavutwa chini na kitu usichokiona. Mguu wa kushoto haufanyi kazi yoyote, unaning'inia tu, na bado unatetemeka. Niliposhuka nilikuwa nachechemea, wenzangu wanacheka. Nikaenda kwenye karatasi na kumchora aliyefuata, na mkono ukaanza wenyewe pale palipoungua. Tangu siku hiyo, mtu akisimama mbele yangu, najiuliza kwanza anaumia wapi.

Tangu hapo nina maoni makali kuhusu nani ni modeli mzuri. Wengi wanampenda bondia kijana anayekuja mara kwa mara, na kwa kroki hakuna wa kumshinda, kila nusu dakika anatoa umbo jipya. Kwa dakika ishirini mimi namchagua mama anayeuza unga wa bukari, ugali wetu. Anakaa kwenye kigoda sokoni kutwa nzima. Kukaa ndiyo taaluma yake. Mgongo wake unakaa, mikono inakaa, uzito unashuka hadi kwenye kigoda na unauona ukishuka. Naye huongea muda wote bila kusogeza shingo.

Jambo la mwanga lilinichukua muda zaidi, na hapa mafundisho ya Ulaya hayakunisaidia sana. Yanakufundisha kuanza na karatasi nyeupe na kuongeza kivuli, maana ngozi wanayoichora ni nyeupe. Ngozi yetu inaonyesha umbo kwa kung'aa: kwenye paji la uso, kwenye mfupa wa mtulinga, juu ya goti. Ukijaza makala, yaani makaa ya kuchorea, kila mahali unapata kivuli cha mtu. Nikahamia kwenye karatasi ya kahawia. Mfuko wa saruji una tabaka zaidi ya moja; la katikati ukilikung'uta vizuri ni karatasi imara, rangi yake iko karibu na ngozi yenyewe. Makala kwa giza, chaki nyeupe ya shuleni kwa mng'ao, na katikati unaiachia karatasi. Mwalimu wa shule ya msingi ndiye anayetuletea vipande vya chaki, tusimuulize vinatoka wapi.

Makala ya kuchorea natengeneza mwenyewe. Vijiti vyembamba vilivyonyooka, visivyo na utomvu mwingi, namenya gamba, nakausha, napanga ndani ya kopo lenye mfuniko uliotobolewa kwa msumari, naweka kwenye mbabula, jiko la makaa, yenye moto mkali. Moshi unatoka tunduni, ukikoma, naepua. Kufungua ni baada ya kopo kupoa kabisa, maana hewa ikikutana na vijiti vya moto unavuna majivu. Mchoro ukimalizika naupulizia dawa ya kushikiza nywele, ile ya saluni, kwa mbali kidogo, ili usifutike.

Kwenye Juni na Julai asubuhi zetu ni za baridi, na hata mchana modeli wa singleti anasinyaa. Mbabula moja inawekwa karibu naye. Inatupa zawadi: mwanga mwekundu upande mmoja, wa jua upande mwingine, mwili unasomeka vizuri zaidi kuliko siku yoyote. Msimu wa mvua ni mapambano. Tunajibana chini ya bati la baraza, kelele juu, giza chini.

Picha ya yule mjane niliichora kwa njia ambayo zamani nisingeijaribu. Nilimwomba anionyeshe mumewe alivyosimama. Akainuka, akaegemea fremu ya mlango kwa bega la kushoto, akakunja mguu mmoja mbele ya mwingine, akaweka mkono mfukoni mwa koti lisilokuwepo. Nikachora kroki haraka haraka, yeye mwenyewe akiwa modeli. Kijana wake mkubwa akaingia, akasema baba alikuwa akishika kofia, si mfuko, wakabishana, nikachora zote mbili. Baadaye nikamwomba yule mzee wa Gécamines, ambaye umbo lake lilikuwa karibu na la marehemu, aegemee mlango wa ua wetu kwa dakika ishirini. Uso niliutoa kwenye picha ya kadi kama kawaida, mwisho kabisa. Miguu ipo, na viatu, na sakafu. Mama aliitazama chini kwanza. Akasema viatu alivyokuwa anavaa vilikuwa na kamba, hivi ni vya nani? Nikaongeza kamba.

Mikono bado inanishinda, hasa inayoelekea kwangu, na goti linalokuja mbele mtu akikaa bado nalifanya refu mno. Msichana wa uuguzi anataka tutenge Jumamosi nzima kwa mikono pekee. Bondia anapinga, anasema hatakuja kulipwa kwa ajili ya vidole. Yaya anataka pesa za kopo zinunue taa ya kuchaji ili mvua isituzuie, mzee anataka zinunue sukari, na wiki hii tunapiga kura.