Borrow, lend na chaja ya bosi
Juzi asubuhi kompyuta imebaki asilimia 4, chaja nimeisahau nyumbani, nikamtumia meseji bosi wetu mpya Mwingereza, "please borrow me your charger". Akanijibu kwa alama ya kuuliza. Moja tu. Jamaa wa meza ya pili akachungulia, akacheka mpaka chai ikampalia, eti umemtuma mzungu akakuazimie chaja kwa watu.

Na kosa lenyewe nalijua tangu kidato cha kwanza! Borrow ni ya anayechukua, lend ni ya anayetoa, basi. Ila mdomo ukiwa na haraka unakimbilia kuazima, na hapo ndo pana mchawi. Ona, "nimeazima kalamu kwa Asha", kalamu imekuja kwangu. "Nimemwazima Asha kalamu", imeondoka. Kitenzi kilekile, kale ka mw ka katikati ndo kamegeuza safari yote, sasa ukizoea hivyo unaipachika borrow hako ka "me" unaona kazi imeisha. Hatuko peke yetu lakini, Wajerumani wana leihen inayobeba pande zote mbili, na kule Marekani, Wisconsin na Minnesota walikohamia Wajerumani na Waskandinavia kibao, wapo wanaosema borrow me na Kiingereza ndo lugha ya mama yao. Ningezaliwa Milwaukee, mji wa hukohuko Wisconsin, yasingenikuta haya.

Siku hizi najikumbusha kwa kopa na kopesha maana hapo hatukosei hata usingizini, hasa anayedai.

Ila kuna sehemu tunawazidi. Borrow yao haichagui, nyundo borrow, kikombe cha sukari borrow. Kwa mama yangu ukisema unaenda kuazima sukari kwa jirani anakuuliza, utairudishaje ikishakorogwa kwenye chai? Nyundo inaazimwa kwa sababu inarudi ileile, sukari inakopwa kwa sababu inarudi nyingine. Mtaani najua watu wanasema "niazime elfu 10", nadhani ndo maana huwa hazirudi.

Chaja nilipata. Saa nne hivi bosi kaja nayo mwenyewe mkononi, kaiweka mezani, kaniambia taratibu kama anafundisha mtoto, "I am lending it to you", hiyo lending kaikazia kweli. Nikasema thank you. Kompyuta ilishazima kitambo.