Tezi isiyoshika rangi: mtazame jirani yake kwanza

Katika vipimo vya protini kwenye utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, mara nyingi ugonjwa hujulikana kwa kilichopotea. Hapo ndipo penye hatari, maana maabara ikikosea, slaidi (kioo chenye kipande chembamba cha nyama) nayo hukosa rangi vilevile. Protini ikiwepo, mahali pake hushika kahawia; isipokuwepo, hubaki bluu.

Chukua PTEN, protini inayozuia seli kugawanyika ovyo. Tezi zilizosongamana na kuanza kuelekea saratani huwa mara nyingi zimeipoteza. Kwenye hadubini utaona tezi za bluu tupu, na stroma, yaani nyama ya kati inayozizunguka, ikiwa ya kahawia. Kahawia hiyo ndiyo shahidi wako. Stroma nayo ikiwa bluu, usiandike "imepotea". Kata kipande kingine, rudia. Kwa PAX2, protini nyingine ambayo tezi hizo huipoteza, shahidi hubadilika, kwa kuwa stroma haina protini hiyo tangu mwanzo: tafuta tezi za kawaida zilizo jirani. Tena, hata tezi za kawaida za mwanamke anayepata hedhi huweza kukosa PTEN hapa na pale. Umbo la tezi kwenye rangi ya kawaida ya H&E ndilo litangulie; protini zifuate.

Kosa huanzia chumba cha upasuaji. Mfuko wa uzazi uliotolewa mzima ukitumbukizwa bila kupasuliwa, fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, haiwahi kufika ndani, na utando unaanza kuoza. Upasue mapema. Tumia fomalini ya asilimia 10 yenye bafa (kidhibiti cha asidi), angalau mara 10 ya ujazo wa nyama, kwa saa 6 hadi 72. Ndiyo maana nyama ndogo ya bayopsi (kipande kilichochukuliwa kwa uchunguzi), iliyoiva vizuri kwenye fomalini, mara nyingi hutoa jibu safi kuliko kizazi kizima.

Saratani ikithibitishwa, pima protini za kurekebisha DNA. Hutembea wawili wawili: MLH1 ikitoweka, PMS2 huifuata; MSH2 ikitoweka, MSH6 huifuata. Maabara yenye bajeti finyu inaweza kuanza na PMS2 na MSH6 pekee, kisha ikaongeza mwenzi wa ile iliyopotea. MLH1 ikikosekana, pima metilesheni ya promota yake (alama ya kikemikali inayoizima jeni) kabla ya kuishtua familia kwa habari ya sindromu ya Lynch (hali ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani), kwani mara nyingi sababu si ya kurithi. MSH2 au MSH6 ikikosekana, mpeleke mgonjwa kwa ushauri wa jeni moja kwa moja.

Halafu p53, protini nyingine inayozuia saratani. Viini vya seli vyenye rangi ya kupishana, vingine hafifu na vingine vilivyokolea, ni hali ya kawaida. Viini vya saratani vilivyokolea karibu vyote, asilimia 80 au zaidi, si kawaida. Na visivyo na rangi kabisa, huku stroma ikiwa nayo, si kawaida vilevile. Neno "hasi" peke yake kwenye ripoti ya p53 ni la hatari: daktari wa wodini huweza kulisoma kama habari njema. Andika kwa urefu: "p53 si ya kawaida, aina ya kupotea kabisa, stroma imeshika rangi."