Nilivyoufanya mstari wa sheria ya pili ya Newton upite kwenye sifuri

Grafu yangu ya kwanza ya kani na mchapuko (kasi inavyoongezeka kila sekunde) ilikuwa na kasoro mbili. Upande wa chini haikupita kwenye sifuri, na upande wa juu ilijipinda. Ushauri niliopewa ulikuwa mmoja tu: rudia mara kumi, uchukue wastani. Nilirudia, na wastani wa vipimo kumi ukaja na kasoro zile zile. Ndivyo inavyopasa kuwa. Wastani hupunguza makosa yanayoyumba huku na huku. Kosa linaloegemea upande mmoja kila mara halisogei hata ukipima mara elfu. Inaniudhi kwamba ushauri huu bado unatolewa, kwa sababu unamfanya anayeanza fizikia aamini kwamba F = ma (kani ni tungamo, yaani kiasi cha maada, mara mchapuko) ni kanuni ya kwenye karatasi na kwamba mezani mambo huenda kivyake. Mezani huenda vile vile, ukijua ni kitu gani hasa unachokivuta.

Vifaa ni vya kawaida: ubao laini wa mita 1.2, kigari cha magurudumu manne chenye gramu 400, kapi jepesi la plastiki kwenye ukingo wa meza, uzi mwembamba usiovutika, na washa tano za chuma (vile visahani vyenye tundu vinavyowekwa chini ya nati) zinazoning'inizwa kama mizigo. Uzi unafungwa kwenye kigari, unapita juu ya kapi, na mzigo unaoning'inia mwisho wake unakivuta kigari. Washa zangu zilipishana kidogo, kati ya gramu 18 na 20, basi nikaongeza vipande vya utepe kwenye zile nyepesi mpaka kila moja ikafika gramu 20 kwenye mizani. Sikutumia ndoano. Uzi wenyewe nilifunga kitanzi kwenye tundu la washa, kwa sababu ndoano ya gramu 2 inaongeza asilimia 10 kwenye mzigo wa gramu 20, na hakuna anayekumbuka kuihesabu.

Nianze na ile kasoro ya kujipinda, maana ndiyo inayofichika zaidi.

Nilikuwa nafanya kama nilivyoelekezwa: kigari kinabaki na gramu zake 400, mizigo inaongezwa mmoja mmoja kwenye uzi, kisha unagawanya uzito wa mzigo kwa tungamo la kigari upate mchapuko unaotarajiwa. Kwa gramu 20, yaani kilo 0.02, uzito ni nyutoni 0.196 (0.02 mara 9.8), na 0.196 kugawanya kwa kilo 0.4 ni 0.49, kwa kipimo cha mita kwa sekunde kila sekunde. Kwa gramu 100, uzito ni nyutoni 0.98, unatarajia 2.45. Hesabu hiyo haiwezi kutimia hata kama ubao hauna msuguano kabisa, kwa sababu mzigo unaoning'inia nao unakwenda. Unashuka kwa mchapuko ule ule wa kigari, umefungwa kwenye uzi ule ule. Uzito wake unavivuta vyote viwili, kigari na mzigo wenyewe. Kwa gramu 20 tungamo linaloenda ni 0.42, mchapuko 0.467, pungufu ya asilimia 5 ambayo macho hayaioni. Kwa gramu 100 tungamo ni 0.5 na mchapuko ni 1.96, pungufu ya asilimia 20. Ndiyo maana mstari unaanza vizuri halafu unainama kadiri unavyopanda.

Asiyekubali na achomeke mizani ya springi kati ya kigari na uzi, ahesabu gramu za mizani hiyo kama sehemu ya kigari. Kigari kikiwa kimeshikwa, mzigo wa gramu 100 unasomeka karibu nyutoni 0.98. Kikiachiwa, mshale unarudi nyuma mpaka karibu 0.78, na unabaki hapo muda wote wa safari. Uzi unavuta kwa kani pungufu ya uzito wa mzigo, vinginevyo mzigo usingeshuka kwa kuongeza kasi. Hesabu inakubali pia: 0.4 mara 1.96 ni 0.784.

Dawa yake ni rahisi mno. Washa zote tano zipande safari tangu mwanzo. Nne zikae juu ya kigari, moja ining'inie. Kisha tatu na mbili. Mpaka zote tano ziwe kwenye uzi. Kani inabadilika, tungamo lote linabaki gramu 500 bila kuguswa. Unahamisha, huongezi. Washa za juu ya kigari zibandikwe kwa utepe, maana zikiteleza wakati wa kuondoka zinakigonga kigari na kukivuruga.

Sasa hii kasoro ya chini, ile ya mstari kukataa sifuri. Hapa mkosaji ni msuguano, na ushauri niliopata ulikuwa kupaka mafuta kwenye ekseli. Mafuta hupunguza msuguano, hayauondoi, na tone likifika kwenye ukingo wa gurudumu linakusanya vumbi na mambo yanaharibika zaidi. Kwenye ubao wangu uliolala sawa bila mteremko, washa moja ilitoa mchapuko wa karibu 0.2 badala ya 0.39. Nusu nzima imeliwa! Washa tano zilitoa 1.8 badala ya 1.96, hasara isiyofika hata asilimia 10. Msuguano unachukua karibu kiasi kile kile kila mara, ila kani ndogo ndiyo inayoumia.

Badala ya kupigana nao nikaulipa. Niliinua upande wa ubao ulio mbali na kapi kwa kuweka vipande vya kadibodi chini yake, kimoja kimoja, mpaka kigari kisichofungwa uzi, kikisukumwa kidogo kwa kidole, kikateremka kwa mwendokasi usiobadilika. Ubao wangu ulihitaji kuinuliwa sentimita 2.4. Kwa urefu wa mita 1.2 huo ni mteremko wa 2 kwa 100, na ndio unaokuambia msuguano ni karibu asilimia 2 ya uzito wa kigari. Macho hayatoshi kuamua kama mwendokasi haubadiliki. Niliweka alama tatu zenye nafasi ya sentimita 40 na kupima muda wa nusu ya kwanza na wa nusu ya pili. Nusu ya pili ikichukua muda mrefu zaidi, ongeza kadibodi. Ikichukua mfupi, toa. Usikubali kile kipimo cha watu wavivu cha kuinua ubao mpaka kigari kianze kuondoka chenyewe. Msuguano wa kitu kilichotulia ni mkubwa kuliko wa kitu kinachokwenda, kwa hiyo mteremko huo umezidi, na mstari wako utakata mhimili wa mchapuko juu ya sifuri, kana kwamba kigari kinaongeza kasi bila kuvutwa na uzi.

Kuna jambo hapa lililonifurahisha kuliko yote. Nilihofia kwamba kila nikihamisha washa kutoka kwenye kigari, kigari kinakuwa chepesi, msuguano unapungua, na itanibidi nipime mteremko upya mara tano. Hapana. Msuguano unapungua kwa kiwango kile kile ambacho kani ya mteremko nayo inapungua, kwa kuwa zote mbili zinafuata uzito wa kigari. Ukishalipa mara moja, umelipa kwa mizigo yote. Kinachobaki bila kulipwa ni msuguano wa kapi, ndiyo maana nasisitiza liwe jepesi na lizunguke kwa kulipuliza tu. Kapi zito la chuma linakula sehemu ya kani ili lizunguke lenyewe.

Uzi uende sambamba na ubao, si sambamba na sakafu. Ukiinua ubao, uzi nao ufuate mteremko. Kapi likiwa juu sana uzi unakivuta kigari kwenda mbele na juu kwa pamoja, magurudumu ya mbele yanapungukiwa na uzito na msuguano ulioulipa si ule tena.

Kuhusu muda: stopwochi ya mkononi iache. Kwa umbali wa sentimita 80, washa tano zinachukua sekunde 0.90. Kidole kikichelewa sekunde 0.2 tu kubonyeza mwisho, unaandika 1.10, na mchapuko unaotoka ni 1.32 badala ya karibu 2, kwa sababu muda unazidishwa kwa wenyewe na kosa lake linakuwa kama maradufu. Nilirekodi video kwa simu, fremu 60 kwa sekunde, simu ikiwa imesimama pembeni, mkabala na katikati ya njia, mbali ya kutosha kuona alama zote mbili, kisha nikahesabu fremu. Kigari kizuiliwe kwa kadi mbele yake na kadi iondolewe kwa kushushwa haraka. Ukikishika kwa nyuma, vidole vinakisukuma au kukivuta wakati wa kuachia. Uzi uwe umekaza kabla ya kuachia. Ukilegea kunakuwa na mshtuko.

Kwa mchapuko unaoanzia kwenye utulivu, a ni mara mbili ya umbali kugawanya kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe, yaani, kwa umbali wangu wa mita 0.8, 1.6 kugawanya kwa muda huo uliozidishwa. Nilipata sekunde 2.05, 1.43, 1.17, 1.02 na 0.90, ambazo zinatoa mchapuko wa 0.38, 0.78, 1.17, 1.54 na 1.98. Kwa upande wa kani: 0.196, 0.392, 0.588, 0.784 na 0.98. Nilipochora, mstari ulinyooka, ukapita kwenye sifuri, na mwinamo wake (mchapuko unavyopanda kwa kila nyutoni moja) ulikuwa karibu 2. Mwinamo huo ni 1 kugawanya kwa tungamo, na 1 kugawanya kwa 0.5 ni 2. Grafu ilikuwa imelipima tungamo la vifaa vyangu bila kuviweka vyote kwenye mizani, na hapo niliridhika kwa kweli.

Halafu fupisha safari ya mzigo, si ya kigari. Hili sikuambiwa na mtu na sasa silikosi katika kila jaribio. Panga urefu wa uzi ili mzigo uguse sakafu kigari kikiwa kimekwenda sentimita 40, na kiendelee sentimita 40 nyingine kikiwa na uzi uliolegea. Kwa washa mbili nusu ya kwanza ilichukua sekunde 1.01. Nusu ya pili, isiyovutwa na chochote, ilichukua 0.50. Kigari hakikusimama kani ilipokwisha, wala hakikupunguza mwendo; kimebeba mwendokasi wake wa mwisho, karibu mita 0.79 kwa sekunde, mpaka mwisho wa ubao. Hiyo ni sheria ya kwanza ya Newton, kwamba kitu kisichovutwa huendelea na mwendo wake, imejitokeza ndani ya jaribio la sheria ya pili.

Uwiano wa mbili kwa moja hautegemei mzigo. Mwendokasi wa mwisho ni mara mbili ya wastani wa nusu ya kwanza, kwa hiyo nusu ya pili lazima ichukue nusu ya muda, iwe ni washa moja au tano. Nautumia kama ukaguzi kabla ya kuandika kipimo chochote. Ukipata sekunde 1.01 kisha 0.56, mteremko haujatosha na msuguano bado unakula. Ukipata 0.46, umezidisha kadibodi. Nalikagua hivyo kila asubuhi nikianza upya, kwa kuwa vumbi la usiku mmoja kwenye ubao linatosha kubadili urefu unaohitajika kwa milimita moja au mbili.

Sehemu nyingine ya jaribio, ya kani moja na matungamo tofauti, haina ugumu ukishafika hapa. Acha washa tatu kwenye uzi muda wote, ongeza gramu 250 juu ya kigari, kisha 500, na uchore mchapuko dhidi ya 1 kugawanya kwa tungamo lote, mzigo unaoning'inia ukiwamo ndani ya hesabu. Kani ni nyutoni 0.588, na huo ndio mwinamo utakaoupata. Mteremko usiuguse.